Biashara ya matumbawe: Uuzwe mche, shina libaki baharini

Mfanyabiashara anayevuka Horohoro kwenda Lunga Lunga, au anayerudi kutoka Mombasa kwenda Tanga, anazijua bidhaa za njia hiyo kama anavyozijua noti zake: mahindi, vitunguu, machungwa ya Muheza, nazi, samaki wakavu na nguo. Iko bidhaa nyingine ya ukanda huu ambayo haipati nafasi katika mikutano ya wafanyabiashara wala katika hotuba za mawaziri. Ni bidhaa ya mwamba wa bahari: makombe, matumbawe yaliyokaushwa kwa mapambo, majongoo bahari, na samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa wakiwa hai ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni hadi viwanja vya ndege, na kutoka huko hadi kwenye matangi ya vioo ya watu wa Ulaya, Marekani na Asia.

Biashara hiyo si ndogo duniani. Ripoti ya kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2003, ilikadiria kwamba kila mwaka huuzwa samaki wa mapambo wa baharini kati ya milioni 20 na 24, vipande vya matumbawe hai kati ya milioni 11 na 12, pamoja na kamba, konokono na viumbe wengine kati ya milioni 9 na 10. Thamani yake ilikisiwa kuwa kati ya dola milioni 200 na 330 za Marekani kwa mwaka. Muuzaji mkubwa wa matumbawe hai ni Indonesia, na mnunuzi mkubwa ni Marekani. Katika Afrika Mashariki, Kenya ndiyo inayojulikana zaidi kwa samaki wa mapambo. Wazamiaji wa Kwale na Kilifi huwakamata kwa nyavu ndogo, kisha wakawauzia wenye maghala ya matangi, nao huwapakia ndegeni.

Swali lililo mbele ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kama biashara ya kiumbe hai cha mwambani ni halali mbele ya haki, hata pale ambapo karatasi zake zimegongwa mihuri yote. Jibu linalofaa si ndiyo wala hapana ya jumla. Liko katika kutofautisha mche na shina. Kilichooteshwa kwa mikono ya watu kiuzwe, na mwamba mama usiguswe. Tofauti hiyo iwe ni ile ile upande huu na upande ule wa mpaka.

Kwanza itendewe haki hoja ya mkusanyaji, kwa sababu si hoja ya kipuuzi. Ripoti hiyo hiyo ya 2003 ilionyesha kwamba mwaka 2000 kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka Maldivi ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, wakati kilo moja ya samaki wa mwambani wa kitoweo ilikuwa dola 6 tu. Tani moja ya matumbawe hai yaliyouzwa kwa wafugaji wa samaki ilifika dola 7,000. Tani hiyo ikitumika kama chokaa ilikuwa dola 60. Mkazi wa Mafia, wa Unguja au wa Tanga aliyewahi kuona matumbawe yakipangwa kwenye tanuri na kuchomwa kuwa chokaa anaelewa maana ya hesabu hiyo. Mkusanyaji wa samaki wa mapambo anaweza kusema, na kwa haki, kwamba yeye hatupi baruti, havuti kokoro juu ya mwamba, na kwamba kazi yake inahitaji mwamba ulio hai. Anachukua kidogo, anapata kikubwa, na watoto wanakwenda shule.

Watu wa pwani hii pia hawakuanza jana kuyatumia matumbawe. Kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya tumbawe. Kwa hiyo anayemwambia mvuvi kwamba kugusa tumbawe ni dhambi tupu anazungumza bila kuijua historia ya ukanda huu.

Hata hivyo hesabu ya mkusanyaji ina mstari mmoja unaokosekana, nao ni mstari wa muda. Tumbawe si jiwe, ingawa huonekana hivyo. Ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, wakiishi pamoja na mwani mdogo mno unaowapa chakula na rangi. Yale yenye matawi yanaweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka mambo yakiwa mazuri. Yale ya duara huongezeka kwa takribani sentimita moja. Tumbawe la duara lenye ukubwa wa mpira wa miguu linaweza kuwa na umri wa miaka 10 na zaidi. Mtu mwenye nyundo na tindo hulingʼoa kwa dakika chache. Mfanyabiashara yeyote anajua duka linaloishaje pale mauzo yanapokuwa ya dakika na bidhaa mpya inapohitaji miaka 10 kufika.

Samaki nao wana kazi zao mwambani. Kangaja na pono hula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe. Wako samaki wadogo ambao kazi yao ni kuwasafisha wengine kwa kuwatoa vimelea mwilini, na hao ni miongoni mwa wanaotafutwa na wanunuzi kwa sababu ya rangi zao. Wakipungua sehemu moja, mwamba wote hupata hasara ambayo haionekani kwenye ankara. Huko Ufilipino, kuanzia miaka ya 1960, wakusanyaji walizoea kupuliza sayanidi kwenye mianya ya miamba ili samaki walewe na wakamatwe kirahisi. Sumu hiyo huua matumbawe yenyewe na kudhoofisha samaki wanaonunuliwa. Anayetaka kujua biashara hii inaweza kufika wapi ikiachwa bila macho, aangalie huko.

Kuna pia suala la nani analipwa na nani analipa. Bei hupangwa mbali, na samaki mmoja hupanda thamani kila anapobadilisha mkono, kutoka kwa mzamiaji hadi mwenye ghala, hadi msafirishaji, hadi mwenye duka nchi za nje. Mzamiaji yuko chini kabisa ya ngazi hiyo. Chini zaidi yake yuko mtu asiyetajwa kabisa: mvuvi wa changu na tafi, na mama anayekaanga samaki sokoni, ambao kitoweo chao hutoka kwenye mwamba ule ule. Hao hawakuulizwa wala hawakupewa gawio, ilhali wao ndio watakaobaki pale mwamba utakapokuwa umechakaa na mnunuzi amehamia pwani nyingine.

Haya yangekuwa mazito hata katika bahari yenye afya. Bahari ya leo ni mgonjwa. Joto la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kupauka na kufa kwa wingi, na sehemu kadhaa za pwani ya Kenya na Tanzania zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Joto likarudi mwaka 2016. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba dunia iko katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe. Utafiti ulioongozwa na mwanasayansi David Obura wa taasisi ya CORDIO ya Mombasa, uliochapishwa Desemba 2021, uliigawa miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi katika kanda 11 na kukuta kwamba zote ziko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50.

Ni kweli kwamba biashara ya mapambo si muuaji mkuu wa miamba. Joto, baruti, nyavu za kuburuta na taka za miji hufanya uharibifu mkubwa zaidi, na serikali zisiitumie biashara hii kama kisingizio cha kuyanyamazia hayo. Lakini mgonjwa aliyelazwa hatolewi damu kwa hoja kwamba ni chupa moja tu. Matumbawe yaliyobaki hai baada ya joto la 1998, 2016 na 2024 ndiyo mbegu ya kesho, kwa kuwa yamethibitisha kwamba yanaweza kustahimili. Kuyangʼoa hayo na kuyauza ni sawa na mkulima kula mbegu aliyoiweka juu ya dari. Na mchovya asali hachovyi mara moja.

Hapa ndipo mpaka unapoingia. Mwaka 1978 Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES, na Tanzania ikafuata mwaka 1979. Mkataba huo unayataka matumbawe yote magumu yasivuke mpaka wa nchi bila kibali, yawe hai au yawe yamekufa na kukaushwa kwa ajili ya kupamba meza. Chaza wakubwa wa mwambani na farasi wa baharini wamo pia. Umoja wa Ulaya hudai kibali chake cha kuingiza juu ya kile cha nchi ya asili. Samaki wengi wa mapambo, kwa upande mwingine, hawamo katika orodha hiyo, na makombe mengi pia hayamo. Hao husimamiwa na sheria za uvuvi za kila nchi, kila moja kwa namna yake.

Wafanyabiashara wadogo wengi hawaelezwi haya. Wanaambiwa kuhusu cheti rahisi cha uasili, kinachomwezesha mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka bila ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja. Ni nafuu kubwa, na imewasaidia maelfu ya akina mama wa mpakani. Lakini cheti hicho huondoa ushuru tu. Hakiondoi masharti ya afya ya mimea na mifugo, wala kibali cha viumbe wa porini na baharini. Mchuuzi anayebeba fungu la matumbawe yaliyokaushwa katikati ya vinyago, akidhani ni mawe ya urembo, anaweza kupoteza mzigo wote na kufikishwa mahakamani. Aliyemwagiza, mwenye duka la watalii, atakuwa hajaguswa.

Ukanda huu umeshaona kinachotokea pale sheria zinapotofautiana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania Bara ilifunga biashara ya majongoo bahari baada ya kupungua sana, wakati Zanzibar iliendelea kuiruhusu. Mzigo wa upande uliofungwa ukatafuta mlango wa upande uliofunguliwa. Zuio lililokusudiwa kumlinda jongoo likageuka kuwa safari ya usiku kwa jahazi, na mapato yakaenda kwa wenye ujasiri wa magendo badala ya wavuvi waaminifu. Yanaweza kutokea hayo hayo kwa matumbawe na samaki wa mapambo. Kenya ikikaza na Tanzania ikilegeza, au kinyume chake, kinachobadilika ni njia tu. Mwamba wa Vanga na mwamba wa Moa ni jirani, na mayai ya samaki wanaotagia upande mmoja huchukuliwa na mkondo hadi upande wa pili bila kugonga muhuri.

Mfano mwema nao upo, tena hauko mbali. Nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3 kila mwaka ili samaki wapate kuzaliana, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Haikuwa rahisi kwa wafanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Kigoma na Bujumbura. Lakini msingi wake ni sahihi: maji ni mamoja, na kanuni iwe moja. Ziwa hilo pia hutoa samaki wa rangi wanaouzwa kwa wafugaji wa ngʼambo, kwa hiyo hata mfanyabiashara wa Bujumbura, aliye mbali na bahari, hawezi kusema jambo hili ni la Waswahili wa pwani peke yao.

Sasa, je, mche unaweza kuuzwa bila kugusa shina? Indonesia imeonyesha kwamba inawezekana, na imeonyesha pia makosa ya kuepuka. Tumbawe huoteshwa kama muhogo. Kipande chenye ukubwa wa kidole hukatwa kutoka tumbawe mama, kikafungwa juu ya kitako cha saruji, kikawekwa juu ya meza iliyozamishwa kwenye maji safi, na baada ya miezi kadhaa kikawa tayari kwa soko. Tumbawe mama hupona na kuendelea kukua. Mwezi Mei 2018 serikali ya Indonesia ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe yote, ya porini na ya kuotesha kwa pamoja. Familia zilizokuwa zimeacha nyundo na kuwa wakulima wa matumbawe zikaumia sawa na waliokuwa wakingʼoa mwamba. Mwaka 2020 njia ikafunguliwa tena kwa yale ya kuotesha. Zuio lisilotofautisha mche na shina humwadhibu aliyetii, na humfundisha kwamba utii hauna faida.

Ufundi huo haupo Indonesia peke yake. Wanakijiji wa Wasini na Mkwiro, huko Kwale, wamekuwa wakiotesha vipande vya matumbawe ili kuurudishia mwamba wao uhai. Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, wanawake hulima sifongo za baharini na kuziuza. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi na wazee walioona samaki wakiisha kwa uvuvi uliokithiri na ukusanyaji wa samaki wa mapambo waliamua mwaka 2005 kufunga eneo la takribani hekta 30. Samaki wakarudi, wageni wakaja kuogelea na kulipa, na mwaka 2017 kikundi chao kikapata tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyewaletea Kuruwitu bahari mpya. Waliipumzisha ile waliyokuwa nayo.

Ipo sababu nyingine ya kuharakisha. Wafugaji wa nchi za nje wameanza kuotesha matumbawe majumbani na kwenye maghala yao wenyewe, kutokana na vipande vilivyotoka kwenye bahari za tropiki. Hilo ni jema kwa mwamba, lakini likiendelea bila Afrika Mashariki kuwa na mashamba yake, pwani hii itakuwa imetoa mbegu na kukosa mavuno.

Kwa hiyo mambo manne yanahitaji kufanywa, na yafanywe kwa pamoja.

La kwanza, nchi za Jumuiya zenye pwani ya Bahari ya Hindi, yaani Kenya, Tanzania na Somalia, zikubaliane juu ya orodha moja ya viumbe wa mwambani wasiouzwa kabisa kutoka porini, wakiwemo matumbawe hai na yaliyokaushwa. Vifungu vya 114 na 116 vya Mkataba wa Jumuiya vinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika kusimamia maliasili na wanyamapori. Kenya na Tanzania zimezungumzia kwa miaka mingi hifadhi ya bahari inayovuka mpaka, kutoka Diani-Chale hadi wilaya ya Mkinga. Mazungumzo hayo yapewe tarehe ya mwisho.

La pili, matumbawe ya kuotesha yaruhusiwe tu pale yanapotoka kwenye mashamba ya vijiji yaliyosajiliwa, yenye matumbawe mama yanayohesabika, na kila kitako kiwe na namba. Bila namba, tumbawe lililongʼolewa jana litabandikwa saruji leo na kuitwa la shamba. Mali bila daftari huisha bila habari.

La tatu, ukusanyaji wa samaki wa mapambo upitie vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo vipo Kenya na Tanzania. Kila mkusanyaji aandikishwe, kila aina ya samaki iwekewe kiwango, na sehemu ya ushuru irudi kwenye kijiji ambacho samaki ametoka. Mvuvi wa changu akiona zahanati au boti ya doria iliyotokana na biashara hiyo, naye atakuwa mlinzi wake.

La nne, kwenye vituo vya pamoja vya mipakani paubandikwe ubao wa picha, kwa Kiswahili, unaoonyesha kiumbe gani kinahitaji kibali gani na kibali hutolewa wapi. Maofisa wa forodha wa pande mbili wafunzwe pamoja, ili mzigo uliokataliwa Horohoro usipokelewe Lunga Lunga.

Mfanyabiashara naye ana wajibu wake, hata kabla serikali hazijakaa. Anayeletewa mzigo wa mwambani aulize maswali matatu: umetoka kijiji gani, nani aliutoa na kwa zana gani, na kibali kiko wapi. Asiyepata majibu auache. Ataambiwa kwamba akiuacha yeye, mwingine atauchukua. Ni kweli atatokea mwingine. Lakini hoja hiyo ndiyo iliyomaliza majongoo bahari, na waliokuwa wakiitoa wakati huo leo hawana jongoo wa kuuza.

Anayefuga samaki Ulaya au Marekani naye asijifiche nyuma ya kioo. Kama anao uwezo wa kununua taa, pampu na tangi, anao uwezo wa kudai namba ya shamba na kulipa bei inayomfikia mzamiaji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijengwa juu ya imani kwamba bidhaa zikivuka mipaka kwa urahisi, watu watanufaika. Imani hiyo ni sahihi kwa mahindi, kwa sababu mahindi hupandwa tena msimu ujao. Mwamba hauna msimu wa kupandwa tena ndani ya umri wa mfanyabiashara mmoja. Biashara itakayodumu ni ile itakayouza kinachooteshwa na kukiacha kinachootesha.